Salamu zilizosomwa nusu: Siri ya kadi ndani ya kopo la bibi

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Ni lini mara ya mwisho ulipokea kadi ya posta? Sisemi ile kadi ya harusi inayokudai mchango, la hasha! Nasema kadi yenye picha upande mmoja na mwandiko wa mtu upande wa pili, ikabandikwa stempu, ikagongwa muhuri, ikakufuata mpaka ulipo. Hukumbuki? Usijali, hata mimi sijawahi kupata. Neno "postikadi" nililijua kwenye ubao wa bei za studio ya picha tu: pasipoti saizi bei hii, postikadi bei ile. Nikidhani ni jina la picha kubwa, basi.

Kumbe ndani ya ukoo wangu mwenyewe kulikuwa na kadi moja iliyokaa kimya zaidi ya miaka 60. Nilipoisoma, nilikosa usingizi siku tatu. Nisikilize.

Desemba ya mwaka jana nilikwenda kumwona bibi, mama yake mzazi dingi wangu. Anakaa kijijini, wilaya ya Kongwa, mkoa wetu huu huu wa Dodoma. Ni mzee wa miaka 90 hivi, macho yamepungua nguvu, lakini ulimi bado mkali kama wembe.

"Mbukwenyi," nilimwamkia mlangoni.

"Mume wangu umekumbuka kurudi nyumbani?" akanijibu. "Umeniletea nini?"

"Nimekuletea sukari na kanga, mke wangu."

"Mume mwenzako alikuwa analeta nyama," akasema. Mume mwenzangu ndiyo babu, aliyefariki mwaka 1994. Utani wa bibi na mjukuu huo, wenye bibi zenu mnaujua.

Usiku mvua ikanyesha, bati likavuja juu ya kitanda chake. Katika kuhamisha vitu nikatoa kopo la biskuti lililokuwa uvunguni, limeota kutu pembeni. Likafunguka lenyewe. Ndani mlikuwa na kadi ya TANU, stakabadhi za kodi za zamani, cheti kimoja kilichokunjwa ambacho sikujisumbua kukifungua, na kadi mbili za posta.

Ya kwanza ilikuwa na picha ya Mombasa, zile pembe kubwa za tembo zilizosimamishwa miaka ya 1950 pale Kilindini Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Nyuma yake mwandiko ulikuwa umejaa mpaka pembezoni. Ya pili ilikuwa picha ya studio: mwanamume kijana amesimama, kofia ameishusha hadi kwenye masikio, na kando yake mtoto wa miaka mitatu hivi ameshika suruali yake. Hiyo nyuma haikuwa na neno hata moja la mkono, ila maandishi ya kiwandani: POST CARD.

"Bibi, huyu nani?"

"Kaka yangu. Alikwenda Mombasa."

"Na kadi inasema nini?"

Akavuta kanga yake. "Hizo ni salamu tu. Rudisha mahali pake."

Nikarudisha. Lakini bibi alipolala nilifanya jambo ambalo sijivunii: nikachukua simu nikazipiga picha zote mbili, mbele na nyuma.

Mzee wa stempu

Niliporudi mjini nilikwenda Uhindini kwa mzee mmoja mstaafu wa posta ambaye mshikaji wangu alinitajia. Mzee ana albamu za kadi za zamani utadhani duka. Akanikalisha, akanipa chai, akaanza somo.

"Kijana," akasema, "kadi kama hizi zilianzia Austria mwaka 1869. Watu walikuwa wanaona aibu. Nani aandike mambo yake wazi, kila mtu asome? Bahasha ina siri. Kadi haina siri."

Akanifundisha kuijua kadi umri wake hata kama haina tarehe, nami nakupa bure. Kwanza geuza nyuma. Kama hakuna mstari katikati, na mwandiko umebanwa upande wa picha, basi ni ya zamani sana, maana enzi hizo upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Waingereza waliruhusu nyuma igawanywe mwaka 1902, Wajerumani wakafuata 1905.

Pili, tazama stempu. Enzi ya Mjerumani utaona meli, yati ya mfalme wao Kaiser, na bei kwa pesa. Kuanzia 1905 kwa heller. Waingereza walipoteka nchi walitumia stempu zao za Kenya na Uganda zilizopigwa chapa ya herufi G.E.A. Mwaka 1922 akaja twiga wa Tanganyika. Kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na stempu moja ya pamoja.

Kisha akafungua ukurasa wa kadi za Wajerumani. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na wapiga picha walipita nayo. Mmoja wao alikuwa Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam. Picha zake nyingi leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani iitwayo Bundesarchiv, na unaweza kuzitazama kwenye simu yako. Nilitazama kadi moja ya mzee ina wanaume wa Kigogo, mikuki mkononi, masikio yametobolewa na kutanuliwa. Chini pameandikwa kabila lao. Jina la mtu hakuna.

"Hawa nao walikuwa babu za watu," mzee akasema. "Mjukuu wake anapita hapa nje na bodaboda, hajui."

Hapo nikatoa simu yangu.

Nusu ya pili

Mzee akaikuza picha, akavaa miwani, akachukua na kioo cha kukuzia juu yake. Stempu ilikuwa ya Malkia Elizabeth, toleo la nchi tatu lililoanza mwaka 1954. Muhuri ukasomeka vizuri: Mombasa, 1957. Anwani: kwa bibi yangu, kwa mkono wa babu, stesheni ya Gulwe. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli pale Gulwe, kituo cha kuteremkia kwenda Mpwapwa.

Wino ulikuwa umefifia. Nusu ya juu tulisoma kwa urahisi: "Kwa dada yangu mpenzi. Salamu nyingi sana, pokea wewe na shemeji na jamaa wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mzima..." Unajua barua za zamani, msomaji. Salamu peke yake zilikula nusu ya kadi!

Kisha yakaja maneno "ama baada ya salamu", na mwandiko ukaanza kubanana. Tulichukua karibu saa nzima, neno kwa neno, mpaka pembeni ambako mwandishi alizungusha kadi kwa kukosa nafasi. Nakuandikia kama tulivyosoma:

"Ama baada ya salamu, uzima wenyewe ni wa kusema tu. Kifua kinaniuma mwezi wa tatu sasa na kazi nimeacha. Mama wa mtoto amefariki. Mwambie shemeji auze ng'ombe wangu wawili anitumie nauli nije na mtoto nyumbani. Nikichelewa, mtoto yupo Majengo kwa mama mpika mahamri. Msimwache."

Mzee wa posta akavua miwani. Mimi nikabaki mdomo wazi.

Maana habari ya babu huyo wa Mombasa nimeisikia tangu utoto, na si hivyo. Kwetu ukimwona kijana amekwenda Dar hatumi hata vocha, utasikia: "Usiwe kama yule wa Mombasa, aliyetuma salamu akatusahau." Jina lake limekuwa methali ya ukoo. Watoto tumechapwa nalo.

Karanga zilizowatawanya

Kwa nini alikwenda mbali hivyo? Nikaanza kuuliza wazee wa upande ule, na mambo yakaunganika.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa ule mradi mkubwa wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, wakaona porini kwetu ndiko kwa kuyapata. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita! Lakini ardhi ya Kongwa mvua ikikatika inakuwa ngumu kama saruji, na mvua yenyewe ya kubahatisha. Wagogo walijua. Nani aliwauliza? Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, na pauni za Uingereza kama milioni 36 zikawa zimezama.

Vitabu vinataja hasara ya Waingereza. Vijana waliofundishwa kuendesha matrekta, wakazoea mshahara, kisha wakaambiwa kazi imekwisha, hao wanakumbukwa na dada zao. Babu wa Mombasa alikuwa mmoja wao. Mshahara wake wa Kongwa alinunulia ng'ombe wawili, akamwachia shemeji yake awatunze, akaenda kutafuta bandari.

Na hao ng'ombe? Hapo ndipo penye mfupa. Mzee mmoja wa ukoo alinieleza bila kujua anachonipa: mwaka 1955 mdogo wake babu alioa, na mahari ikapungua ng'ombe wawili. Babu akajazia.

Piga hesabu mwenyewe. Kadi ilikuja 1957. Aliyejua kusoma pale nyumbani alikuwa mmoja tu, babu yangu, na anadaiwa ng'ombe ambao hawapo zizini. Akasoma salamu. Akafika kwenye "ama baada ya salamu", akainyamazia kadi.

Sasa nifanyeje? Nimwambie bi mkubwa wa miaka 90 kwamba kaka yake hakumsahau, bali alimwita, na mumewe akaifunika sauti? Kijiweni wakagawanyika. Mmoja akasema, "Mwache afe na amani yake." Mwingine akasema, "Amani gani hiyo ya kumchukia ndugu asiye na kosa?" Usiku wa tatu nikaamua: nitamwambia.

"Nisomee, nisikie"

Jumamosi nikapanda basi hadi Kongwa, bodaboda hadi kwa bibi. Nikamkuta anachambua mlenda. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikaomba radhi kwanza kwa kuipiga picha kadi yake bila ruhusa. Akanyamaza. Nikamwambia: "Bibi, ile kadi si salamu tu. Ina maneno mengine. Nikusomee?"

"Nisomee, nisikie."

Nikaanza. Nilipofika "kifua kinaniuma" sauti ikanikatika. Bibi hakunisubiri. Akaendelea yeye, macho yake kwenye mlenda, taratibu kama mtu anayesali: "...mwezi wa tatu sasa na kazi nimeacha. Mama wa mtoto amefariki." Akaenda mpaka mwisho, mpaka mama mpika mahamri, mpaka "msimwache". Hakukosea hata neno.

Jamani! Nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Lete kopo," akasema.

Akatoa kile cheti kilichokunjwa ambacho nilikidharau. Cheti cha kisomo! Serikali ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaendelea mpaka mtihani wa taifa wa Agosti 1975. Akina mama walisoma jioni chini ya miti, mtoto mgongoni.

"Wenzangu walikuwa wanasoma ili wasome kitabu cha pamba na kitabu cha ng'ombe," bibi akasema. "Mimi nilikuwa na kitabu changu."

"Kwa hiyo ulijua kuna jambo tangu zamani?"

"Mume wangu, mimi sikujua kusoma lakini sikuwa kipofu. Karatasi imejaa mpaka pembeni. Babu yako macho yake yamekwenda mpaka chini, mdomo umesema maneno machache. Nikajua kuna yaliyobaki."

"Kwa nini hukumpelekea mtu mwingine akusomee?"

Akanitazama kama mtoto mdogo. "Nimtoe mume wangu nje, watu wamcheke? Nikasema nitasoma mwenyewe. Ilipokuja Operesheni Dodoma mwaka 1971, tukaambiwa tuhame, tembe zetu tukaziacha, mimi nilibeba kopo hili kichwani. Watu wanabeba vyungu, mimi kopo."

Akaniambia siku aliyoweza kuimaliza kadi ile, kidole chini ya kila herufi, ilimchukua kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Jioni babu aliporudi, akamwambia: "Nimesoma." Babu akauliza: "Umesoma nini?" Akajibu: "Yaliyobaki."

Babu hakubisha. Alitoka nje, akakaa kwenye gogo mpaka usiku. Msimu uliofuata akauza ng'ombe wawili wake mwenyewe, akampa bibi fedha zote mkononi. Wakakubaliana mvua za mwaka 1977 zikiisha waende wote Mombasa kumtafuta mtoto.

Wewe unayejua historia umeshashtuka. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Bibi aliandika barua mbili. Hakupata jibu.

"Na zile fedha?"

"Baba yako alichaguliwa sekondari. Sanduku, godoro, nauli, shuka. Ungefanyaje?"

Nikanyamaza. Ng'ombe wa kwanza walimwoza babu mdogo, na leo ukoo wake ni watu wengi kuliko sisi. Ng'ombe wa pili walimpeleka dingi wangu shule, akapata kazi, akanisomesha mimi ninayeandika hapa. Na ni sisi hao hao tunaomtolea mfano yule mtu kwamba alitusahau.

"Bibi, mbona hukutueleza? Mbona uliacha watu wamseme?"

"Ningesema, babu yako angesemwa. Alikosa, akalipa. Wewe ukikosa ukalipa, utapenda nikutangaze? Sasa wote wamekwenda. Waambie waache kumtaja vibaya kaka yangu."

Basi nimewaambia, na ndiyo sababu nimeandika. Majina bibi amenikataza. "Mwenye kujijua atajijua," amesema. Kwa hiyo wewe uliyeko Mombasa, kama kwenu Majengo kuna mzee wa miaka 70 hivi aliyelelewa na mama mpika mahamri, na akaambiwa baba yake alikuwa mtu wa bara, Mgogo aliyependa kuvaa kofia mpaka masikioni, mwonyeshe ukurasa huu. Ile kofia nimeielewa sasa. Masikio yaliyotanuliwa, ambayo kwetu yalikuwa urembo, mjini huenda waliyacheka.

Na wewe kijana mwenzangu wa Dodoma, unayepanda treni ya umeme kwenda Dar kama unakwenda sokoni: nenda kwa bibi yako, omba kopo lake. Geuza picha nyuma. Tazama stempu, soma muhuri, soma mpaka pembeni. Ila omba ruhusa kwanza, usifanye kama mimi.

Kabla sijaondoka nilimwambia bibi kwamba tutatuma kadi mpya. Nilizunguka mjini nikitafuta kadi yenye picha ya Dodoma, sikuipata. Nikaenda studio, nikasafisha picha aliyopiga na mimi, saizi ya postikadi. Nikamrudia na kalamu.

"Haya mke wangu, nitajie, naandika." Nikaanza mwenyewe kwa mazoea: Salamu nyingi sana, pokea wewe na...

"Umeandika nini?"

"Salamu."

"Futa," bibi akasema. "Salamu weka mwisho. Anza na habari ya ng'ombe."